Neno "Uzembe" Halijamponya Mgonjwa Yeyote

Mgonjwa akifa kwa kudungwa dawa isiyo yake, sote tunajua habari itakavyoandikwa. Neno la kwanza litakuwa "uzembe". Muuguzi atasimamishwa kazi, kamati itaundwa, mkuu wa hospitali atawataka wafanyakazi wawe makini zaidi, na baada ya wiki mbili tutakuwa tumesahau. Wachache wenye huruma watasema ajali haina kinga. Napinga kauli zote mbili. Ya kwanza inamtwika mtu mmoja mzigo wa wengi, na ya pili inauacha mzigo chini bila mwenyewe. Zote zinafunga uchunguzi kabla haujaanza.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kuwa wa kwanza kulalamika, kwa sababu ni neno letu linalotumiwa vibaya. Kosa si uzembe. Mzembe anaujua wajibu wake na haujali. Mkosaji anaweza kuwa mtu aliyekusudia mema, mkono wake ukaangukia pasipo. Tukiwachanganya hawa wawili, tunamwadhibu mtu na kuuacha mtego palepale ukimsubiri mwingine.

Wanajeshi waliligundua jambo hili zamani. Katika Vita Vikuu vya Pili, marubani wa ndege za Marekani aina ya B-17 walikuwa wakitua salama, kisha ndege ikiwa tayari iko ardhini wanakunja magurudumu, nayo inalalia tumbo. Ilisemwa kuwa ni makosa ya marubani. Mwaka 1943 mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alikwenda kukitazama chumba cha rubani chenyewe. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vya kupunguzia mwendo ziko bega kwa bega, zinafanana. Dawa yake haikuwa semina ya umakini. Swichi moja iliwekewa kitu chenye umbo la gurudumu, nyingine chenye umbo la kabari, ili mkono utambue hata gizani. Hiyo ndiyo elimu inayoitwa ergonomia: kulinganisha kazi, chombo na mahali na binadamu alivyo, badala ya kumtaka binadamu awe malaika.

Sasa tuingie wodini. Mama yangu mdogo ni muuguzi. Usiku huwa peke yake na wagonjwa wengi, na umeme ukikatika humulika kwa tochi ya simu. Katika kabati la wodi yake, vichupa vya kloridi ya potasiamu vilikaa kando ya vichupa vya maji ya kuyeyushia dawa za unga. Plastiki ileile, ukubwa uleule, maandishi madogo yaleyale. Maji hayo hayamdhuru mgonjwa dawa yake inapochanganywa. Potasiamu kali ikisukumwa kwenye mshipa bila kuzimuliwa inaweza kuusimamisha moyo. Mama mdogo alibandika plasta nyekundu kwenye boksi la potasiamu. Mkubwa wake alipokagua aliamuru plasta ibanduliwe kwa kuwa ni uchafu. Ukutani akaacha tangazo: "Kuwa makini." Katika wodi ile plasta ndiyo iliyokuwa kinga, lile tangazo lilikuwa pambo tu.

Msidhani ni shida ya nchi maskini peke yake. Desemba 2017, katika hospitali kubwa ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt mjini Nashville, Marekani, muuguzi RaDonda Vaught alitumwa kumpa mgonjwa wa miaka 75 dawa ya kumtuliza iitwayo Versed. Kwenye kabati la dawa la kompyuta aliandika herufi mbili, VE. Dawa aliyoitaka haikutokea, kwa sababu kabati liliiorodhesha kwa jina lake jingine. Akaruka kizuizi cha kabati, akatoa vekuroniamu, dawa inayopoozesha misuli hata ya kupumulia. Mgonjwa akafa. Mwaka 2022 mahakama ilimtia muuguzi hatiani. Hospitali haikushtakiwa.

Nawasikia wapinzani wangu: lakini kifuniko cha kichupa kilikuwa na onyo, na dawa ilikuwa ya unga wakati Versed ni ya maji! Ni kweli, na yeye mwenyewe alikiri kosa. Sisemi hakuwa na wajibu. Nauliza swali ambalo neno "uzembe" halitaki liulizwe: kwa nini herufi mbili zilitosha kufungua njia ya dawa ya kupoozesha? Baadaye wataalamu wa usalama wa dawa wa huko Marekani walipendekeza ziandikwe angalau herufi tano. Pendekezo hilo linamlinda mgonjwa wa kesho kuliko hukumu ile. Hukumu inawafundisha wauguzi wengine somo moja tu: ukikosea, nyamaza. Na kosa lililofichwa halirekebishwi.

Ushahidi mwingine uko jirani yetu. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu orodha yake ya ukaguzi wa upasuaji katika miji minane, mmoja ulikuwa Ifakara, Tanzania. Mingine ilikuwa kama London na Toronto. Karatasi moja tu: kabla ya kisu, watu wote chumbani wanataja majina yao, wanathibitisha mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Madaktari hawakubadilishwa. Ilibadilishwa namna ya kufanya kazi, na muuguzi mdogo akapewa nafasi ya kusema "ngoja kidogo" mbele ya bingwa.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Hospitali zitenge potasiamu kali mbali na dawa za kila siku, na zimsikilize anayebandika plasta. Vyuo vya afya vifundishe ergonomia kama somo, si kama sentensi moja ya mwisho wa muhula. Na sisi tutakaokuwa waandishi, walimu na wafasiri, tusiandike "uzembe" kabla hatujauliza: vichupa vilifanana? Zamu ilikuwa ya saa ngapi? Taa ilikuwepo? Nani alionya, akapuuzwa?

Mama mdogo bado yuko kwenye wodi ile. Akikosea usiku mmoja, gazeti litamwita mzembe. Aliyebandua plasta hatatajwa.