Unaogopa parachuti isifunguke? Ogopa pia ile inayofunguka kwa fujo

Kila Desemba lazima iwe hivi: mmoja wa mbogi yenu anashuka Pwani, na kabla ya Krismasi ashaweka video ya Diani. Mashavu yanapepea, mwalimu amefungwa mgongoni kwake, bahari ya samawati iko chini kabisa. Nawe unajua komenti ya kwanza itakuwa gani. "Na isipofunguka je?"

Swali poa, lakini si lote. Hebu rudisha hiyo video nyuma kidogo uisimamishe pale parachuti inapofunguka. Miguu inarushwa mbele, mikanda inakaza, halafu kelele zote za upepo zinakatika. Kwa kawaida mchakato huo huchukua sekunde tatu hadi tano, na mtu anaendelea kutabasamu. Kuna siku ambapo haumalizi hata sekunde moja. Parachuti imefunguka, tena haina tundu wala fundo, lakini imefunguka kwa nguvu kiasi cha kumvunja mtu shingo ama kumpasua mshipa mkuu wa damu kifuani. Watu wamekufa hivyo, wakashuka chini taratibu wakiwa wananing'inia kwenye parachuti nzima.

Tupige hesabu, na usikimbie. Mimi mwenyewe chuo niliachia njiani na hii nimeiweza.

Mtu akianguka kifudifudi hufikia kasi ya takriban kilomita 200 kwa saa, ambayo ni mita 55 kwa sekunde. Akiwa chini ya parachuti anashuka kama mita 5 kwa sekunde. Kwa hivyo kuna mita 50 kwa sekunde ambazo lazima ziende mahali. Zikiisha ndani ya sekunde tatu, mwili unahisi uzito wake mara 2.7 hivi. Wewe wa kilo 70 unaning'inia kwenye mikanda kama mtu wa kilo 190. Utaguna tu. Zikiisha ndani ya nusu sekunde, ni mara 11. Hizo ni kilo 770 kwenye mikanda ya mapaja na mabega. Kichwa chako, chenye kilo 5 hivi, sasa kina 55, na shingo ni ile ile uliyoamka nayo. Ongeza helmeti yenye kamera juu yake uone kwa nini wapiga picha wa angani ndio huwa wa kwanza kulalamika parachuti ikianza tabia mbaya.

Ni kama matatu iliyopunguza mwendo ikikaribia steji, na matatu iliyosimamishwa na lori. Zote mbili zimesimama.

Kinachotenganisha hizo mbili ni kitambaa kimoja kidogo. Parachuti za kisasa za michezo, zile za mstatili zinazopaa kama bawa, zilitokana na ubunifu wa Domina Jalbert huko Marekani miaka ya 1960. Zilipaa vizuri sana, lakini zile za kwanza zilifunguka kama kofi. Dawa iliyoshika ni slaida: kitambaa chenye pete ya chuma kila pembe, na kamba zote za parachuti zimepitia kwenye hizo pete nne. Wakati wa kukunja, slaida husukumwa hadi juu kabisa. Parachuti ikitoka inataka kupanuka yote mara moja, lakini slaida imezibana kamba pamoja, na upepo unaisukuma irudi juu. Wanashindana hivyo, slaida inashuka pole pole, na mita zako 50 zinaliwa kidogo kidogo.

Sasa fikiria aliyekunja alikuwa na haraka, na slaida ikateleza chini kwa upana wa kiganja kabla ya kuingia mfukoni. Breki hakuna. Kwa nje mkoba unaonekana sawa kabisa, huwezi kujua.

Kosa la pili ni la aibu zaidi kwa sababu bei yake ni shilingi chache. Kamba za parachuti hupangwa kwa vifungu vidogo, kila kifungu kikishikwa na raba bendi, karibu kama zile za kufungia noti. Kazi ya hizo raba ni kuhakikisha kamba zinatoka kifungu kimoja baada ya kingine, zinyooke zote ndipo parachuti iachiwe kutoka mfukoni. Raba ikiwa imelegea au imechoka, kamba zinamwagika zote kwa mpigo. Parachuti inatoka kabla ya wakati wake na kuanza kujaa hewa, yaani inapunguza mwendo, na wewe bado unaenda na kilomita 200. Kamba zikifika mwisho, ndipo unapojua.

Halafu kuna makosa ya mrukaji mwenyewe. Siku hizi vijana hawataki kuanguka kifudifudi tu, wanataka kuanguka kichwa chini, miguu juu, kwa sababu ndiyo inapendeza kwenye video. Kasi hapo inaweza kufika kilomita 280 kwa saa. Nishati haipandi sambamba na kasi, hupanda kwa mraba wake, kwa hivyo kutoka 200 hadi 280 umeongeza nishati karibu mara mbili. Ndiyo maana mwenye akili hurudi kifudifudi, akasubiri sekunde chache apungue kasi, akasawazisha mabega, akatazama mbele, ndipo akafungua. Kugeuza shingo kutazama parachuti ikitoka ni kuialika ikupate shingo ikiwa imepinda. Na kama mfuko wa kile kiparachuti kidogo cha kuvutia umelegea, kinaweza kuchomoka chenyewe ukiwa bado kichwa chini. Hapo ni kuomba tu.

Kuna pia uzee wa vifaa. Kamba za aina ya Spectra husinyaa kwa joto la slaida inayozisugua kila mruko, na hazisinyai sawa: za pembeni husinyaa zaidi. Baada ya miruko mia kadhaa parachuti ile ile, iliyokunjwa na mikono ile ile, inaanza kufunguka vibaya hadi ifungwe kamba mpya. Ukitua ufuoni, mchanga na chumvi vinaingia, na vinakwaruza kamba na pete. Simsemi mtu yeyote wa Diani hapa. Mchanga wa pwani yoyote hufanya hivyo, na dawa yake ni kukagua na kusafisha.

Usinielewe vibaya, huu si mchezo wa kifo kama shangazi yako anavyodhani. Shirikisho la warukaji la Marekani lilihesabu vifo 10 mwaka wa 2023, katika miruko takriban milioni 3.65. Hiyo ni kama kifo kimoja kwa kila miruko 365,000. Na mruko wa watu wawili, ambao ndio utafanya ukienda Diani mara ya kwanza, una kinga yake: mwalimu huachilia kiparachuti cha kupunguza kasi mapema, maana bila hicho uzito wenu nyinyi wawili ungewapeleka mbio kupita kiasi. Wewe kazi yako ni kufanya anachosema, hasa kuhusu kichwa.

Lakini ona kila kitu nilichotaja. Slaida, raba, kamba, usafi. Karibu vyote huamuliwa sakafuni, na mtu aliyepiga magoti ambaye hayumo kwenye video yako. Marekani, sheria inataka parachuti ya akiba ikunjwe na fundi mwenye leseni, tena upya kila siku 180. Ile kubwa, ambayo ndiyo hutumika kila mruko, inaweza kukunjwa na mtu asiye na leseni akisimamiwa na fundi. Na katika vituo vingi vya huko mkunjaji hulipwa kwa kila parachuti, kama boda anavyolipwa kwa kila abiria. Mwenye uzoefu humaliza parachuti ya mtu mmoja kwa dakika kumi hivi. Msimu ukichanganya, ndege inasubiri, na foleni ya wateja ni ndefu, ni nani atapata faida kwa kutumia dakika mbili zaidi kubadilisha raba tatu? Sitaki kumlaumu mkunjaji. Namlaumu anayepanga malipo hivyo, halafu akashangaa.

Kwa hivyo ukishalipa hizo pesa, ambazo zingelipa bedsita miezi kadhaa, usione haya kuuliza. Nani anakunja hapa, na nani anamkagua? Kamba zimefanya miruko mingapi tangu zibadilishwe? Naweza kutazama mkikunja? Vituo vingi hukunjia mahali pa wazi, kwa hivyo hilo la mwisho si ombi kubwa. Kaa hapo robo saa na soda yako. Tazama kama raba iliyochoka inatupwa ama inarudishwa, na kama mtu anaisukuma slaida juu mara ya pili kabla ya kufunga mfuko. Ukijibiwa kwa kejeli, Diani ina bahari pia, na kuogelea ni bure.