Sesheni ikipotea, usilaumu mtandao

Haya wadau, projekti zinakaribia kukusanywa na hapa Musoma kilio ni kimoja: "Nimelogini, nikienda ukurasa wa pili sijulikani!" Halafu eti mtandao mbovu. Mtandao unahusikaje na seva iko kwenye laptopu yako mwenyewe?

Sesheni ni kama begi kwenye buti la basi la Bunda. Begi linakaa kwa seva, wewe unapewa kipande chenye namba, yaani kuki, na kipande hutolewa kabla basi halijaondoka. Ndiyo maana session_start() itangulie chochote kinachochapwa, hata nafasi tupu juu ya <?php (Notepad ya zamani ilikuwa inaficha baiti tatu hapo mwanzoni, imetesa wengi). Na iitwe kwenye kila ukurasa unaosoma $_SESSION, siyo wa kwanza tu.

Ila jamani, wanafunzi wanaonewa. Notsi za kutoa kopi zinazozunguka bado zina session_register(), kitu kilichoondolewa kwenye PHP 5.4 mwaka 2012! Mtu anaandika neno kwa neno, programu inagoma, anajiona kilaza. Anayezigawa azirekebishe kwanza, ndiyo akate maksi za watu.