Koti la Kwenda Njombe

Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya kushona koti la baridi nyumbani. Pengine utacheka na kuuliza, koti la nini Tabora? Ni kweli, asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu tunajitanda kitenge juu ya kanga, lakini ikifika saa nne jua limepanda nasi tunaviweka kando. Baridi yetu ni ya saa chache. Hapo ndipo mama wa Tabora anapokosea akipata mtoto wa kupeleka shule za nyanda za juu kusini.

Sisi tulikosea. Miaka mitatu iliyopita kijana wetu wa kwanza alichaguliwa kuingia kidato cha tano mkoani Njombe, akatakiwa kuripoti Julai, baridi ikiwa kali kabisa. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Njombe umepita mita 1,900. Huko kwenye miinuko ya Makete na Kitulo hata sakitu huonekana alfajiri juu ya majani. Tulinunua kodrai nzuri kwa fedha tuliyokuwa tumeitenga kwa ajili ya mbolea, tukaitandika mezani usiku baada ya zamu, tukachukua vipimo vya shati lake, tukakata. Siku mbili koti likawa tayari. Kijana alishukuru, akalikunja, akaliweka sandukuni.

Aliporudi Desemba tulilikuta na mikunjo ileile. Tulipomwuliza alisema kwa upole, "Mama, juu ya sweta halifungi, na nikiinua mkono linanibana kwapani. Nilikuwa najifunika nalo usiku." Hatukuwa na la kumjibu.

Sasa ni zamu ya mdogo wake, binti, naye ana pumu. Baridi yenyewe haimpi mtu nimonia. Vijidudu ndivyo vinavyoileta. Lakini hewa ya baridi iliyo kavu huweza kumbana kifua mwenye pumu. Koti si dawa, wala haliondoi haja ya dawa yake ya kuvuta. Hata hivyo, koti lenye kola ya kusimama, pamoja na skafu ya kufunika pua na mdomo, humsaidia kuvuta hewa iliyopata joto kidogo. Kwa hiyo safari hii tuliamua kwamba mkasi hautashikwa mpaka mpango ukamilike.

Sisi watu wa Tabora hatuna udhuru wa kutojua kuhesabu kitambaa. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kuja huku ilibeba merikani na kaniki mabegani mwa wapagazi, maana kitambaa ndicho kilichokuwa fedha ya njiani: ya kununulia chakula na ya kulipia hongo kwa watawala. Kilipimwa kwa mkono. Mikono minne ni shuka, na shuka mbili ni doti. Aliyekosea hesabu mwanzoni aliumbuka njiani, pasipo duka la kununua kingine. Nasi kitambaa chetu ni kimoja tu. Basi tulipanga hivi.

Kwanza, kitambaa. Ukipata koti la mtumba linalomtosha mwanao, nunua, usijitese. Sisi tulizunguka wiki tatu; yaliyomtosha binti yalikuwa mepesi, na mazito yote yalikuwa ya wanaume wakubwa. Tukanunua moja la sufu, pana, lililochakaa viwiko tu, ili tulifumue na kulikata upya. Fumua kwa wembe polepole, utunze vifungo. Osha vipande kabla ya kukata, ili kama vitaruka viruke sasa. Sufu inataka maji yasiyo ya moto na sabuni kidogo. Usiisugue wala kuikamua kwa kuisokota, na uianike kivulini ikiwa imelala. Kisha inua kila kipande juani. Mahali penye mwanga unaopenya pamelika au pamechakaa; pazungushie chaki usije ukapakata.

Pili, vipimo. Mpime mtoto akiwa amevaa sare na sweta lake, si gauni la nyumbani. Kwenye kifua tuliongeza sentimita 12 juu ya kipimo hicho. Mkono upime ukiwa umekunjwa, kuanzia ncha ya bega, kupitia kiwiko, hadi kifundoni. Mkono ulionyooka hudanganya. Akija kushika kalamu, koti litapanda.

Tatu, karatasi. Chora vipande vyote kwenye magazeti, uache nafasi ya mshono, halafu vipange vyote juu ya kitambaa kabla ya kukata hata kimoja. Angalia malaika ya kitambaa yalale upande mmoja, hasa kwa kodrai. Ukigeuza kipande kimoja, mkono wa kushoto utaonekana rangi nyingine.

Nne, na hili ndilo tunalowasihi msiliruke: shona kwanza koti la shuka kuukuu. Lipige bandi kwa mkono tu, mtoto alivae juu ya sweta, umwambie ainue mikono, ajikunje, aketi, ajifunge. Makosa yote yatokee kwenye shuka. Kama utaweka tabaka la blanketi ndani, mfunge kipande cha blanketi hilo wakati wa kujaribu, maana unene hula nafasi.

Tano, bitana. Kinachotunza joto ni hewa iliyotulia kati ya tabaka na tabaka, kwa hiyo koti la tabaka mbili lenye nafasi hushinda kitambaa kimoja kizito kinachobana. Chagua bitana inayoteleza ili mikono ipite juu ya sweta. Blanketi liweke mgongoni na kifuani tu, kwapani litabana.

Sita, siku. Usishone kwa usiku mmoja wa uchovu kama tulivyofanya. Bandu bandu huisha gogo: wiki hii kufumua na kuosha, ijayo karatasi na shuka, kisha kukata, kisha cherehani. Tumia sindano nene, na ukifika penye tabaka nyingi zungusha gurudumu kwa mkono.

Maandiko yanasimulia kwamba Dorkasi wa Yafa alipofariki, wajane walisimama wakilia na kuonyesha nguo alizowashonea. Nguo isiyovalika nani angeionyesha?

Juma lililopita tulifika kwenye hatua ya shuka. Kaka yake, ambaye sasa amemaliza shule na yuko nyumbani, ndiye aliyelifumua koti lile la mtumba jioni tatu mfululizo bila kuombwa mara ya pili. Binti alipovaa lile la shuka, sisi tukiwa bado na pini mdomoni, kaka yake alimwambia, "Inua mikono. Juu zaidi. Sasa funga." Lilifunga. Mgongoni lilivuta kidogo, tukaongeza sentimita mbili.

Kisha tukapanga mfuko wa ndani, upande wa kushoto karibu na kifua, wa dawa yake ya kuvuta. Dawa hiyo ikipoa sana haitoki vizuri, na mwenye kubanwa hana muda wa kutafuta begi. Tulimfumbisha macho tukamwambia autafute mfuko kwa mkono wa kulia. Akaupata mara moja.

Jumamosi hii, Mungu akipenda, tutakata sufu. Nanyi mlio na watoto wa kwenda kwenye baridi, anzeni mapema. Tukutane mwezi ujao.