Padre Damien na Wakoma

Wako wadhanio ya kuwa Mungu hupendezwa na maumivu ya wanadamu. Hayo si kweli, na maisha ya Padre Damien wa Ubelgiji yaonyesha hivyo. Mwaka 1873 alikwenda Molokai, kisiwa cha Hawaii, walikotengwa wenye ukoma. Mapadre walikuwa wamepatana kwenda kwa zamu. Yeye akaomba abaki. Akafunga vidonda, akajenga nyumba, akavuta maji kwa mabomba, hata majeneza akayaunda kwa mikono yake. (Useremala nao ni sala, ingawa wengi husahau.) Mwisho ukoma ukamshika naye, akafa mwaka 1889, umri wake miaka 49.

Je, ni ukoma uliomfanya mtakatifu? Hasha! Maelfu waliupata, wala hawakuuchagua. Sadaka yake ni kule kukaa alipoweza kuondoka. Ndivyo Wakristo wausadikivyo msalaba: si misumari iokoayo, bali upendo uliokubali misumari. Basi akataaye dawa ili ateseke kwa ajili ya Mungu, hamtolei Mungu kitu. Damien mwenyewe, alipougua, alisafiri mpaka Honolulu mwaka 1886 kutafuta matibabu, kisha akarudi kwa wagonjwa wake.