Mwanafunzi wa Kiswahili katika Maabara ya Ubongo na Neva: Maoni Kuhusu Uanagenzi na Uundaji wa Istilahi

1. Utangulizi

Wanafunzi wa biolojia, udaktari na saikolojia wanaopata bahati ya kufanya uanagenzi katika maabara ya utafiti wa ubongo hujifunza mambo ambayo darasa haliwezi kuyafundisha. Hukata tishu vipande vyembamba na kuvitia rangi, huhesabu seli chini ya hadubini, hubandika elektrodi kichwani mwa mgonjwa ili kupima umeme wa ubongo, na huingiza takwimu katika kompyuta. Mwanafunzi wa Kiswahili hafikiriwi kuwa miongoni mwao. Akihitajika, huitwa siku ya mwisho ili afasiri fomu.

Makala haya yanatetea rai kwamba mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili naye anastahili kuwa mwanagenzi kamili katika maabara hiyo. Huenda rai hii ikaonekana kuwa ya ajabu, lakini historia ya taaluma yenyewe inaiunga mkono.

2. Funzo la historia

Mwaka 1897, mwanafiziolojia Charles Sherrington alikuwa akiandika sehemu inayohusu mfumo wa neva katika kitabu cha kiada cha Michael Foster. Alihitaji jina la mahali ambapo seli moja ya neva hukutana na nyingine. Neno alilokuwa amelifikiria halikumridhisha Foster, naye akaomba ushauri kwa Verrall, mtaalamu wa Kigiriki wa Cambridge. Verrall alipendekeza neno lililojengwa juu ya kitenzi chenye maana ya kushikana, na hilo ndilo ambalo leo tunalitohoa kuwa sinapsi. Hivyo basi, mojawapo ya istilahi kuu za sayansi ya neva ilizaliwa kutokana na mashauriano baina ya mwanasayansi na mwanalugha.

Mfano wa pili ni wa Santiago Ramón y Cajal. Mwaka 1888 alianza kuchapisha matokeo yake kwa Kihispania, katika jarida aliloliasisi mwenyewe, ingawa wakati huo Kihispania hakikuhesabiwa kuwa lugha ya sayansi hiyo. Mwaka uliofuata alibeba sampuli zake hadi Berlin ili wenzake wazione kwa macho yao. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Camillo Golgi. Cajal hakuiacha lugha yake ili awe mwanasayansi. Wala hakujifungia ndani yake. Hilo ndilo funzo linalotufaa.

3. Istilahi huzaliwa wapi?

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilikuwa hatua kubwa katika kukuza lugha yetu. Hata hivyo, orodha ya maneno, hata iwe ndefu vipi, haiwezi kuchukua nafasi ya kukiona kitu kinachotajwa.

Tuchukue neno mshipa. Katika matumizi ya kawaida, neno hili hutaja njia ya damu, neva, na hata ugonjwa wa ngiri. Ili kuondoa utata, tumezoea kusema mshipa wa fahamu. Lakini neva ziongozazo mapigo ya moyo na mwendo wa matumbo hufanya kazi yake hata mtu akiwa usingizini au amezimia. Fahamu imo wapi hapo? Mwanaisimu aliyekaa ofisini hana sababu ya kujiuliza swali hili. Aliyeshinda maabarani hawezi kulikwepa, na ndiye atakayetambua kwamba neva ni istilahi sahihi zaidi kwa mwanasayansi, ilhali mshipa wa fahamu bado una kazi mbele ya mgonjwa, mradi uambatane na maelezo.

Vivyo hivyo kuhusu sinapsi. Mtu angeweza kupendekeza kiungo, kwa kuwa seli mbili huungana hapo. Lakini katika miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilionyesha kwamba baina ya seli hizo mna uwazi mdogo sana, na katika sinapsi nyingi ujumbe huuvuka uwazi huo kwa njia ya kemikali. Kwa maoni yangu, kivuko lingekaribia ukweli kuliko kiungo. Silishikilii neno hili. Ninachoshikilia ni kwamba hoja ya aina hii huanzia kwenye hadubini.

4. Suala la haki

Jambo hili si la wanaistilahi peke yao. Huko Kilifi, ambako tangu mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya (KEMRI) imeendesha utafiti kwa ushirikiano na wakfu wa Wellcome wa Uingereza, watafiti wamechunguza kifafa na malaria inayoshambulia ubongo. Katika pwani yetu, mtoto anayetukutika ghafla na kukakamaa husemwa kuwa ana dege au degedege, na wapo wanaolihusisha jambo hilo na ndege au pepo. Kwa daktari, neno hilo moja laweza kubeba hali kadhaa zenye tiba tofauti.

Mzazi wa mtoto huyo huombwa kuridhia maji ya uti wa mgongo yatolewe kwa sindano. Asipoelewa kwamba utafiti ni jambo moja na matibabu ni jambo jingine, ridhaa yake ina thamani gani? Fomu iliyofasiriwa na mtu ambaye hakupata kuona sindano hiyo, wala kumsikiliza mzazi akiuliza maswali, yaweza kuwa na sarufi safi na bado isimfae mtu.

5. Pingamizi na mapendekezo

Itapingwa kwamba maabara huzungumza Kiingereza, na kwamba mwanafunzi wa lugha atakuwa mzigo. Pingamizi la kwanza ni la kweli, nalo ndilo sababu ya pendekezo hili. Kuhusu la pili, kila mwanagenzi ni mzigo katika siku zake za mwanzo. Maabara huwavumilia wanafunzi wa biolojia kwa kuwa hutarajia faida baadaye.

Napendekeza, kwanza, kwamba mwanafunzi wa Kiswahili na wa sayansi wapelekwe wawili wawili, kwa muda usiopungua wiki sita za likizo ndefu. Pili, wote wawili waandike ripoti kwa Kiswahili na kuitetea mbele ya watahini wa idara zote mbili. Tatu, mwanafunzi wa lugha afungwe na kanuni zile zile za kutunza siri za wagonjwa. Nne, vyuo vigharimie nauli na chakula, la sivyo uanagenzi utabaki kuwa fursa ya wenye uwezo.

6. Hitimisho

Tumelalamika kwa miaka mingi kwamba wanasayansi hawatumii istilahi tunazowaundia. Yatupasa tujiulize ni mara ngapi tumekwenda kuwauliza wanachokiona. Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nasi tusingoje kualikwa: twende maabarani, na siku ya tatu tuombe jembe letu.