Mto Njoro Haujui Pepa 1 wala Pepa 2

Kila nikiweka video ya jiografia, komenti ya kwanza huwa haiulizi kama nilichosema ni kweli. Inauliza: "Hii iko Pepa 1 ama Pepa 2?" Mwanzo nilikuwa najibu. Siku hizi naipita tu, kwa sababu nimeanza kuamini hilo swali ndilo linatuharibia somo.

Kwa wale hamkufanya jiografia KCSE: Pepa 1 ni ya maumbile. Miamba, volkano, mito, mvua, udongo. Pepa 2 ni ya watu. Kilimo, viwanda, makazi, uhamaji. Ukishakaa miaka minne ukisoma hivyo, kichwa chako kinakuwa na makabati mawili, na funguo hazifanani. Unaweza kupata A ya kukramu bila kujua kwa nini nyumba ya shangazi yako iko ndani ya maji.

Sasa chukua huyo mwanafunzi wa A, mshushe kwenye daraja la Mto Njoro, umuulize huu mto uko kabati gani.

Mto Njoro unaanzia msitu wa Mau Mashariki, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Unateremka kama kilomita 60 hivi, unapita kando ya Chuo Kikuu cha Egerton na mji wetu, halafu unaingia Ziwa Nakuru lililo karibu mita 1,760. Hiyo ni karibu kilomita nzima ya kushuka. Notsi zinasema mto huzidi kukua kadiri unavyoteremka: ujana, utu uzima, uzee. Huu wetu wakati wa kiangazi hufanya kinyume. Chini ya Njoro maji yanapungua, na kuna mahali yanazama kabisa ardhini, kwa sababu miamba ya volkano hapa imejaa nyufa za Bonde la Ufa. Kiangazi kikikaza, kuna sehemu utavuka na raba zako nyeupe na zisichafuke.

Hiyo ni Pepa 1 safi kabisa, si ndio? Lakini huyo mama anayeswaga punda na mitungi kwenda mtoni hajali ni pepa gani. Anajua mwezi ambao maji hukatika, anajua ni sehemu gani bado yanatoka, na anajua bei ya mtungi itapanda lini. Huyo mama ni mwanajiografia, ila hakuna mtu amewahi kumwambia.

Tupande juu tena, huko ndiko utamu uko. Oktoba 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kutoka kwenye orodha ya misitu ili watu wapewe ardhi. Wengine walikuwa maskini kweli hawana pa kwenda, wengine walikuwa wakubwa wenye majina. Miti ikaanguka, mahindi na viazi vikaingia. Msitu hushika mvua na kuiachilia polepole. Ukiutoa, mvua ileile inateremka kwa fujo mara moja, inabeba udongo wa shamba, halafu ukifika mwezi wa kiangazi mto hauna akiba. Hapo utaniambia Pepa 1 imeishia wapi na Pepa 2 imeanzia wapi? Sahihi moja kwenye gazeti la serikali Nairobi imebadilisha tabia ya mto Njoro.

Na huko juu kuna watu waliokuwa wakiishi kabla ya hizo sahihi zote. Waogiek wa Nessuit na Mariashoni walipeleka kesi yao hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha, na Mei 2017 mahakama ikasema Kenya ilivunja haki zao. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na ardhi ya mababu zao irudishwe. Hiyo kesi ilianzia msitu unaouona ukisimama Njoro na kuangalia upande wa Mau. Nimeuliza wanafunzi wengi wa hapa kwenye komenti kama wamewahi kuisikia darasani. Wengi wananiandikia kwamba wanajua Waogiek ni "wawindaji na warina asali", nukta, endelea na swali linalofuata.

Basi twende chini, kwa ziwa. Ziwa Nakuru halina mlango wa kutokea. Mto Njoro, Makalia na Nderit inaingiza maji, na njia ya kutoka ni jua tu, kwa mvuke. Ndiyo maana maji ni ya magadi. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikauka karibu lote. Halafu kuanzia 2010 hivi likaanza kupanda, kutoka takriban kilomita za mraba 40 hadi karibu 70 kufikia 2020. Lango kuu la mbuga lilifunikwa. Flamingo wengi wakahama, maana maji mengi yalipunguza ukali wa magadi na ule mwani wanaokula ukapungua. Wengi wakaenda Bogoria. Kila mtu aliposti kuhusu flamingo. Lakini kule Mwariki na Barut kuna familia pia zilihama, na hao hawakuwa na mabawa.

Watu wananiambia, "Kosa ni la waliokata Mau." Polepole. Baringo, Bogoria na Naivasha pia zilipanda kipindi hichohicho, na wataalamu wengi wanasema sababu kuu ni mvua iliyoongezeka, huku udongo unaotoka mashambani ukizidisha shida. Lakini kilichonishtua mimi ni kingine. Miaka kama 10,000 iliyopita Ziwa Nakuru na Ziwa Elmenteita zilikuwa ziwa moja lenye kina kikubwa. Kilima cha Hyrax Hill, pale Mary Leakey alichimba mwaka 1937, kilikuwa kando ya maji. Leo ukisimama pale unaona mabati ya estate chini yako. Kwa hivyo ziwa kupanda si maajabu. Lishawahi kufika mbali kuliko hapo. Aliyekuuzia ploti pale chini alikuambia "hapa hapajawahi kufurika" na hakudanganya, alikuwa anahesabu miaka 30 tu. Msee mwenye jiografia kichwani angemuuliza miaka 30 ni nini mbele ya ziwa.

Hiyo ndiyo bei ya makabati mawili, wasee. Ni pesa ya mzazi, ni ile ya SACCO, imezama. Kihoto kule Naivasha ni hadithi hiyohiyo.

Sasa kuna hii ya ngano, na hii hunichoma zaidi. Kwenye silabasi, ngano inasomwa Kenya ikilinganishwa na Kanada. Sina ubaya na Kanada. Lakini nimewahi kupata video ya jamaa wa Fomu 3, wa hapahapa Njoro, akitaja miji ya nyanda za Kanada kama anaomba rozari, na akiulizwa ngano ya Njoro anasema "inalimwa kwa sababu ya udongo wenye rutuba wa volkano." Ndio hayo tu.

Manze, subiri. Huo udongo wa volkano una hadithi. Lord Delamere alipopewa ekari 100,000 hapa Njoro mwanzoni mwa miaka ya 1900, hakuja na ngano akilini. Alijaribu ng'ombe na kondoo. Nyasi zilikuwa tele, lakini mifugo ikakonda na kufa. Baadaye ugonjwa wa ng'ombe kukonda katikati ya nyasi ukapewa hata jina la huku kwetu, Nakuruitis, na ikajulikana ni udongo kukosa madini ya kobalti. Ule udongo "wenye rutuba" ulikuwa na pengo, na hilo pengo huwezi kuliona kwa macho. Ndipo akageukia ngano, na ngano nayo ikashambuliwa na kutu, ule ugonjwa wa ukungu unaogeuza shina kuwa na vumbi la rangi ya kutu. Akaanza kuajiri watu wa kuchanganya mbegu zinazostahimili.

Kazi hiyo haijawahi kuisha. Mwaka 1998 aina kali ya kutu ya shina iligunduliwa Uganda, ikaitwa Ug99, ikaingia Kenya, na dunia nzima ikaingiwa na baridi maana ngano nyingi za duniani hazingeweza kuihimili. Unajua walienda kuzijaribu wapi? Hapa Njoro, kwenye kituo cha utafiti cha KALRO. Tangu 2005 maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi, Kanada ikiwemo, zimepandwa hapa makusudi ziugue, ili ionekane zipi zinasimama. Norman Borlaug mwenyewe, yule wa Tuzo ya Nobel ya 1970, alikuja kuangalia. Njoro ilifaa kwa sababu ya urefu wake juu ya bahari, unyevu wake, na kwa sababu kutu yenyewe inapenda hapa. Yaani Kanada inatuma ngano yake Njoro ikafanye mtihani, na mtoto wa Njoro anafanya mtihani kuhusu Kanada. Na boda inayopita nje ya hilo lango humchukua huyo mtoto kila asubuhi.

Siwaoni walimu kama ndio shida peke yao. Sisi wa video tuko na dhambi zetu. Machi 2018 ufa mkubwa ulifunguka karibu na Mai Mahiu, ukakata barabara ya Narok, na hadi leo kuna creators wanaweka ile klipu na muziki wa kutisha, ati Afrika inagawanyika mbele ya macho yako. Bonde la Ufa linapanuka kweli, milimita chache kwa mwaka. Kucha zako zinakua haraka kuliko hivyo. Wanajiolojia wengi walisema kilichofungua ule ufa ni mvua kubwa iliyosomba majivu laini ya volkano yaliyokuwa yamejaa kwenye ufa wa zamani. Hadithi ya kweli iko na faida zaidi: kwamba kuna sehemu za bonde hili ambazo ardhi chini ya barabara na nyumba ni majivu, na mvua ikizidi yanaondoka. Lakini hiyo haina views, so tunauza bara linapasuka.

Kuna mada nyingine ya Pepa 2 inayopitwa mbio: uhamaji. "Toa sababu tano za watu kuhama." Njaa, kazi, elimu, vita, maradhi, funga kitabu. Njoro imeona watu wakihama usiku, mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa 2007. Kwenye darasa hilohilo kuna mtoto ambaye familia yake ilipanda lori, na mwingine ambaye familia yake ilibaki. Naelewa kwa nini mwalimu anaogopa kuigusa. Mimi pia naogopa, na sijaitengenezea video mpaka sasa. Lakini huwezi kunieleza ardhi ya Njoro ukaruka nani alipewa, lini, na aliyekuwa hapo alienda wapi. Si lazima utaje kabila la mtu yeyote. Anza na ramani tatu za eneo moja: kabla ya wazungu, wakati wa mashamba makubwa, na baada ya uhuru. Acha watoto waulize wenyewe.

Najua jibu litakalokuja. Silabasi ni ndefu, darasa limejaa, basi la shule halina mafuta. Na mwingine ataandika, "Wewe uliyeacha chuo mwaka wa pili unafundisha walimu nini?" Swali poa. Sifundishi, mimi ni mteja. Nilipewa hili somo nikalitumia mtaani, na narudi kusema sehemu gani ilifanya kazi na gani haikufanya. Shule za Nairobi hulipa pesa kuja kuangalia kaldera ya Menengai na ziwa. Sisi tunaamka nayo dirishani. Na sasa Gredi 10 wa kwanza wameingia sekondari pevu mwaka huu wa 2026, jiografia ni ya kuchagua, na ukiifanya iwe orodha ya miji ya Kanada hakuna mtu ataichagua.

Mwalimu wa Njoro, basi halihitajiki. Subiri mvua kubwa ya Aprili. Tuma wanafunzi wawili na chupa tupu za soda, mmoja anayeishi juu kuelekea Nessuit na mwingine anayeishi chini ya mji. Kila mmoja achote maji ya Mto Njoro asubuhi hiyohiyo. Ziweke dirishani darasani usiku mzima. Kesho yake pima kwa rula tope lililotulia chini ya kila chupa, halafu uliza swali moja tu: hili tope lilikuwa shamba la nani? Wataongea dobo lesoni nzima. Kama huna chupa, niandikie inbox, mimi ninazo gunia zima.