Nani Amlindaye Mlalamikaji?

Katika Kiswahili kuchunguza si kuchungulia. Achunguzaye hulifunua jambo mpaka ndani. Achunguliaye huona kadiri ya tundu aliloachiwa. Raia wa Kenya aendaye kumlalamikia polisi aliyemdhulumu ana haki ya kupata la kwanza, na aghalabu hupewa la pili.

Sheria yenyewe si mbaya. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki ilieleza kuwa watu 405 walikufa kwa risasi, ikashauri kiwepo chombo cha raia cha kuwasimamia polisi. Sheria ya mwaka 2011 ikaizaa Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA. Kifo au jeraha kubwa litokanalo na kitendo cha polisi sharti lichunguzwe na Mamlaka hiyo, na polisi wenyewe wana wajibu wa kuipa habari. Uchunguzi ukiisha, jalada hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye ndiye aamuaye kama kuna kesi.

Walakini, ushahidi u wapi? Kitabu cha matukio kimo kituoni. Daftari la silaha limo kituoni. Askari waliokuwa zamu wamo kituoni, nao hula sahani moja na mwenzao anayelalamikiwa. Mchunguzi hubisha hodi katika nyumba ambayo mwenyewe ndiye mshitakiwa. Mnyonge hana ila kovu lake na ulimi wake.

Na ulimi huo haulindwi. Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda, alipigwa risasi na afisa wa polisi mwaka 2015. Akafanya kama sheria ilivyomwelekeza: akapeleka malalamiko IPOA. Malipo yake yakawa yeye kuburutwa mahakamani kwa mashtaka. Tarehe 23 Juni 2016 alitoka mahakama ya Mavoko pamoja na wakili wake, Willie Kimani, na dereva wao, Joseph Muiruri, hawakufika nyumbani. Walifungiwa katika kituo cha polisi cha Syokimau, wakauawa, na miili yao ikaopolewa katika mto Athi. Afisa aliyelalamikiwa alikuwa bado kazini. Julai 2022 Mahakama Kuu ilimtia hatiani pamoja na watu watatu wengine, na Februari 2023 ikamhukumu kifo. Haki ilifika, lakini ilimkuta mlalamikaji kaburini.

Wako wasemao kuwa wahalifu hutunga malalamiko ili kumfunga askari mikono, na kuwa ajuaye hatari ya kazi ni mwenye kazi. Neno la kwanza huenda likawa kweli. Lakini uongo huumbuliwa na uchunguzi, hauumbuliwi na ukimya. Askari mwema ndiye wa kwanza kufaidika na uchunguzi wa kweli. Neno la pili ni kumpa nyani hukumu ya ngedere. Mwaka 2014 msichana wa miaka 14 aliuawa kwa risasi za polisi nyumbani kwao Kinango. Polisi walidai kuwa aliwashambulia kwa panga. Kaburi lilifukuliwa, maiti ikapimwa, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwafunga maafisa wawili miaka 7 kwa kuua bila ya kukusudia. Lau maneno ya polisi yangalitosha, kesi hiyo isingalikuwapo.

Basi yatakiwa mambo matatu, na yote matatu yafanywe siku ile ile ya malalamiko. Vitabu na silaha zichukuliwe na watu wa nje. Afisa aondolewe kituoni na anyang'anywe bunduki, bila ya kuhukumiwa, mpaka ukweli ujulikane. Na mlalamikaji apewe ulinzi kabla hajaomba, maana aliyekwisha kupigwa risasi hana haja ya kuthibitisha kuwa yumo hatarini.

Bila ya hayo raia ataendelea kuambiwa, "Nenda ukalalamike," naye atakayekuwa wa kwanza kuyasikia malalamiko yake ni yule yule anayemlalamikia.